Mkono Chini ya Kidevu

Mtoto ana siku 19. Uzito wake ni kilo 2 na gramu 400. Mwuguzi amempakata kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha la wodi ya watoto, hapa Bunia, wala hana haraka. Ni saa moja asubuhi. Nje, walinzi wa wagonjwa wanakoka makaa, motari wanapiga honi barabarani. Juu ya kabati kuna kikombe kidogo kilichofunikwa kwa kisahani, na ndani yake mna mililita 30 za maziwa ambayo mama ameyakamua mwenyewe alfajiri.

Hizo mililita 30 hazikukisiwa. Mtoto mchanga wa umri huu huhitaji takriban mililita 150 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa kilo 2.4 zinakuwa mililita 360. Zigawe mara 12, kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ndipo unapata kikombe kile. Mwuguzi amepiga hesabu hiyo kwa kalamu nyuma ya fishi ya mtoto na kuipigia mstari chini, ili atakayepokea zamu ya usiku asiulize.

Kwanza mtoto anapelekwa titini. Amelegea sana, ukimwinua, mikono inaning'inia kama kitambaa kilicholowa, kichwa kinaanguka upande, na ulimi unatokeza kati ya midomo. Mtoto wa namna hii ana njaa kama wenzake, ila taya halina nguvu ya kushika. Ananyonya mara tatu, nne, kisha chuchu inamtoka. Mama wengi wakiona hivyo husema mtoto hataki, au maziwa yao ni mabaya. Mwuguzi anauchukua mkono wa mama na kuupanga upya, kidole kwa kidole: vidole vitatu vya mwisho vinabeba titi kutoka chini, kidole gumba na cha shahada vinajitokeza mbele kama panda ya manati. Katika panda hiyo kinakaa kidevu cha mtoto, na mashavu yake yanashikwa kidogo huku na huku. Taya lililokuwa linaanguka sasa limepata pa kuegemea. Mtoto ananyonya mara saba, nane, tisa, anameza, anapumua.

Nimeutazama mkono huo asubuhi nne mfululizo. Siku ya kwanza mama aliukaza hadi vidole vikaingia weupe, mtoto akalia. Siku ya nne alikuwa anazungumza na jirani yake wa kitandani huku mkono ukifanya kazi peke yake.

Baada ya dakika kumi za titi mtoto huchoka, na hapo zamu ya kikombe inaanza. Mwuguzi anamketisha karibu wima, kiganja chake kikibeba mabega na shingo. Kisogo hakigusi, kwa sababu mtoto aliyelegea akisukumwa kisogoni hurudisha kichwa nyuma, na maziwa hupita njia ya hewa. Ukingo wa kikombe unatua juu ya mdomo wa chini. Maziwa yanainamishwa mpaka yaguse mdomo, yakomee hapo. Hamimini hata tone. Anangoja ulimi utoke wenyewe uyaonje. Ulimi unatoka, unarudi. Koo linapanda na kushuka. Mwuguzi anangoja pumzi mbili. Ndipo kikombe kinasogea tena.

Mama alitaka kusaidia, akakisukuma kikombe juu kidogo. "Polepole, mama," mwuguzi akamwambia kwa Kiswahili chetu cha Bunia. "Mutoto iko anajifunza."

Mililita 30 zilichukua dakika 24. Nilitazama saa kwa sababu yeye pia alikuwa anaitazama: ikizidi nusu saa, mtoto anatumia nguvu nyingi kuliko anazoingiza, na heri apumzike.

Mtoto huyu ana dalili za trisomi 21. Kila seli ya mwili wa mwanadamu, isipokuwa za aina chache, hubeba kromosomu 46, yaani jozi 23, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Ni nyuzi ambazo juu yake imeandikwa namna mwili unavyojengwa. Mara moja moja, yai au mbegu inapotengenezwa, jozi moja inashindwa kuachana, na mtoto anapata nyuzi tatu za namba 21 mahali pa mbili. Jumla inakuwa 47. Duniani hutokea kwa takriban mtoto mmoja katika kila 700 au 800 wanaozaliwa, kwa Wahema na Walendu, kwa Wajapani na Wafaransa. Umri mkubwa wa mama huongeza uwezekano, ingawa watoto wengi wa hali hii huzaliwa na akina mama vijana, kwa kuwa vijana ndio wanaozaa zaidi.

Idadi hiyo ya 47 ilionekana kwanza kwa kazi ya mikono yenye subira ileile ya kikombe. Mwaka 1958, katika hospitali ya Trousseau mjini Paris, daktari Marthe Gautier alikuwa anakuza seli za watoto ndani ya maabara ambayo karibu haikuwa na kitu. Seramu aliitoa katika damu yake mwenyewe. Plazma aliipata kwa jogoo. Aliziona kromosomu 47, lakini darubini yake haikuwa na kamera ya kupiga picha. Matokeo yalichapishwa mwaka 1959, jina la Jérôme Lejeune likatangulia, na la Gautier likaandikwa kwa makosa. Huwa namkumbuka ninapoona fishi za wauguzi wetu, ambazo hakuna anayeweka sahihi juu yake isipokuwa kwa herufi mbili.

Wodi hii haina maabara ya kromosomu. Kupata picha ya kromosomu kunataka damu yenye seli hai, kwenye kichupa chenye heparini, isigande wala isipate joto kali. Kisha seli zikuzwe kwa siku kama tatu, zisimamishwe katikati ya kugawanyika kwa dawa iitwayo kolkisini, zivimbishwe kwa maji yenye chumvi hafifu, zidondoshwe kwenye kioo na kutiwa rangi. Kinshasa wanaweza: Chuo Kikuu cha Kinshasa kina Kituo cha Jenetiki ya Binadamu, ambako Profesa Prosper Lukusa na wanafunzi wake wameijenga taaluma hii nchini. Lakini Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,700 kutoka hapa kwa ndege, na seli hai haisubiri ndege iliyoahirishwa.

Kwa hiyo mwuguzi anasoma kwa macho na vidole. Anakunjua kiganja na kutafuta mstari mmoja unaokikata kutoka upande hadi upande. Anatazama nafasi kati ya kidole gumba cha mguu na cha pili, ngozi ya ziada nyuma ya shingo, masikio madogo, kona za macho zinazopanda. Hatoi neno kwa alama moja. Watu wengi wenye afya kamili wana mstari mmoja kiganjani. Anahesabu alama zote pamoja, na ulegevu ndio anaoupa uzito mkubwa. Kisha anamtazama mama, akiomba na baba aje, awatazame wote wawili. Macho ya mtoto yaweza kuwa ya babu yake tu.

Hapo kwenye sura kuna jambo ambalo kila mwanafunzi wa uganga katika Ituri anapaswa kuambiwa. Vitabu vya dalili hizi viliandikwa kwa picha za watoto wa Ulaya. Mwaka 2017 Aimé Lumaka wa Kinshasa na wenzake, pamoja na wataalamu wa Ubelgiji, walichapisha utafiti wa programu ya kompyuta inayotambua magonjwa kwa sura. Kwa watoto wa Kibelgiji wenye trisomi 21 ilipata 80 kati ya 100. Kwa watoto wa Kikongo ilipata kama 37. Walipoifundisha upya kwa sura za watoto wa Kikongo ikafika karibu 95. Mashine ilikuwa haijawahi kuwaona watoto wetu. Mwuguzi huyu amewaona kwa miaka zaidi ya 20, na mimi naamini jicho lake lilifika huko kabla ya programu. Tena linajua lisichokijua: akimtilia shaka mtoto huandika "inashukiwa", kamwe haandiki "ni".

Siku ya pili nilimwona akifanya jambo ambalo mgeni angedhani ni kupumzika. Mtoto amelala, shati limefunguliwa. Mwuguzi amekaa, saa mkononi, anatazama tumbo. Hasemi. Mlinzi mmoja wa mgonjwa alimwita, naye mwuguzi akanyanyua kiganja bila kugeuka. Alikuwa anahesabu pumzi, dakika nzima iliyotimia. Wengine huhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, na kwa mtoto mchanga hilo ni kosa, kwa sababu pumzi zake huenda kwa mafungu: haraka, polepole, kimya, haraka tena. Pumzi 60 au zaidi kwa dakika katika miezi miwili ya kwanza ni hatari. Kuanzia miezi miwili hadi mwaka ni 50. Alipata 58. Akangoja, akahesabu tena. 56. Akaandika zote mbili.

Karibu nusu ya watoto wenye trisomi 21 huzaliwa na kasoro ya moyo. Mara nyingi ni tundu katikati, pale kuta na vali za vyumba vinne zinapokutana. Wiki za kwanza mtoto anaweza kuonekana hana neno. Kisha damu inaanza kufurika kwenye mapafu, na dalili yake ya mapema huonekana wakati wa kunyonya: jasho kwenye paji la uso. Mtoto mchanga ametulia kifuani kwa mama yake, asubuhi ya baridi ya Bunia, na anatoka jasho kana kwamba amepanda kilima. Mwuguzi hupitisha mgongo wa kidole kwenye paji hilo kila anapomlisha. Nilidhani ni kubembeleza. Labda ni vyote viwili.

Munganga, yaani daktari, akija na stetoskopu anakuta karatasi tayari: pumzi, jasho, dakika za kunyonya, uzito wa jana na wa leo. Ekografi ya moyo ikithibitisha tundu, kuna dawa za kupunguza maji mwilini na kuupumzisha moyo, na zinampa mtoto muda. Kuziba tundu ni kazi ya upasuaji wa moyo, na kwa watu wa Bunia mahali pa karibu ni Uganda, kwenye Taasisi ya Moyo iliyoko Mulago, Kampala. Njia ni ya barabara ya Mahagi, ambayo kwa miaka mingi watu wameipita wakiomba Mungu, au ya ziwa, kutoka Kasenyi hadi Ntoroko, ng'ambo. Fedha zake familia nyingi hazijawahi kuziona pamoja. Tundu kubwa la namna hii linatakiwa kuzibwa ndani ya miezi sita ya kwanza au karibu na hapo. Likiachwa, mishipa ya mapafu hukakamaa, na ikishakakamaa upasuaji hauna faida tena. Ndiyo maana pumzi 58 za wiki ya tatu zina thamani kuliko mashine kubwa ya mwaka wa tatu.

Kuna ustadi mwingine nisioweza kuuandikia hesabu: kumwambia mama. Mwuguzi hakumwambia wodini, mbele ya vitanda 14. Alimngoja mume afike kutoka chimboni, akawaita wote wawili kwenye chumba cha kuhifadhia blanketi. Mtoto alikuwa mikononi mwa mwuguzi mwenyewe, ambaye alimtaja kwa jina lake kila mara. Alianza kwa yale waliyoyaona wao: analegea, anachoka kunyonya. Akasema hali hii ina jina, na kwamba ilikuwapo kabla mimba haijaonekana. Kisha akasema bila kuulizwa lile ambalo lingeulizwa usiku nyumbani kwa wakwe: kazi ya shamba haikusababisha, chakula hakikusababisha, hakuna aliyerogwa, hakuna aliyelaaniwa, na mama hakukosea. Alilisema akimtazama baba. Akanyamaza. Kimya kile kilidumu, na hakukijaza.

Baba aliuliza kama kuna dawa ya kuondoa hiyo kromosomu. Hakuna, alijibiwa. Akauliza basi tunafanya nini.

Jibu la swali hilo ndilo limenifanya niandike. Mwaka 1983, huko Marekani, mtu mwenye trisomi 21 alikuwa na wastani wa kuishi miaka 25. Leo wastani huo unakaribia 60. Kromosomu ile ya tatu ipo palepale, hakuna aliyeigusa. Huko waliziba matundu ya moyo. Walitibu nimonia mapema. Walipima homoni ya tezi ya shingo na kutoa kidonge pale ilipopungua, kwa sababu tezi ikilala mtoto naye hulala, na watu husema ndivyo alivyo. Walichunguza masikio, maana mtoto asiyesikia hatasema. Na waliacha kuwafungia watoto hao kwenye majumba mbali na mama zao. Miaka 35 imeongezwa na kazi za aina hii, ndogondogo, zilizofanywa kwa wakati wake. Sehemu yake kubwa inawezekana Bunia.

Kine, kama tunavyowaita hapa wataalamu wa viungo, atakuja wiki ijayo kumwonyesha mama jinsi ya kumlaza mtoto kifudifudi juu ya paja ili shingo ipate nguvu, na jinsi ya kumbeba mgongoni miguu ikiwa imekusanywa, isitawanyike kama ya chura. Watoto hawa huketi kwa kuchelewa na wengi hutembea karibu na umri wa miaka miwili, wengine mitatu. Wanatembea.

Si watoto wote wenye kasoro za kromosomu watakaofika huko, na mwuguzi hadanganyi. Trisomi 18 huja na ngumi zilizofungwa, kidole cha shahada kikiwa kimelala juu ya cha kati. Wengi wa watoto hao hawafikishi mwaka. Trisomi 13 vivyo hivyo. Kuna mtoto anayelia kwa sauti nyembamba kama paka, aliyepungukiwa kipande cha kromosomu ya tano, hali ambayo Lejeune aliieleza mwaka 1963. Mwuguzi anasema katika maisha yake amesikia kilio hicho mara moja, usiku, akaamka kutafuta paka. Kwa mtoto atakayeondoka mapema ustadi ni uleule: joto la kifua cha mama, maziwa kidogokidogo, maumivu yasiachwe, na jina lake litajwe.

Nilimwuliza alijifunza wapi kuweka kidevu kwenye panda ya vidole. Alitaja Nyankunde, kama kilomita 45 kutoka hapa. Hakusoma huko; aliyemfundisha ndiye aliyesoma huko. Watu wa Ituri hawahitaji kuelezwa. Hospitali ile ya wamisionari ilikuwa shule ya waganga na wauguzi wa eneo zima, na Septemba 2002 ilivamiwa, wagonjwa wakauawa vitandani, dawa na vitabu vikaporwa na kuharibiwa. Walionusurika, wafanyakazi pamoja na wagonjwa, walitembea siku kadhaa msituni hadi Oicha. Baadaye wengine wakaanza kazi upya hapa Bunia. Vitabu vilibaki nyuma. Vidole vilivuka msitu.

Sasa mwuguzi naye ana wanafunzi wawili, wasichana wa mwaka wa mwisho, wenye makoti meupe yaliyonyooshwa. Mmoja alijaribu kikombe asubuhi ya tatu akakiinua mno, mtoto akakohoa. Mwuguzi hakumnyang'anya. Aliweka kidole kimoja chini ya kiwiko chake, akakishusha nusu inchi, akakiacha hapo. Mtoto akatoa ulimi.

Asubuhi ya nne mizani ilisoma kilo 2 na gramu 485. Ilikuwa gramu 85 kwa siku tatu, ongezeko analotakiwa kupata mtoto yeyote. Mama aliomba aandikiwe namba hiyo kwenye kipande cha karatasi, akakikunja na kukifunga kwenye pindo la kitenge.

Nawe msomaji, uwe Bunia, Mahagi au kambini Kigonze: kama nyumbani kuna mtoto mchanga aliyelegea, anayechoka titini au anayetoka jasho kwenye paji la uso akinyonya, usingoje afikishe arobaini. Mhesabie pumzi dakika nzima akiwa amelala, iandike namba hiyo, na umpeleke nayo kwenye kituo cha afya leo.